Ukuta Uliokula Ruzuku

Siku serikali ilipotangaza ruzuku ya umeme kwa biashara za vijijini, Mama Vifaranga alikuwa wa kwanza kufika ukumbini na wa kwanza kukaa kiti cha mbele. Aliweka mkoba mapajani, akakaa wima kama mtu aliyeitwa posta kuchukua mzigo wake. Hakuwa mtu wa kunyamaza, lakini siku hiyo alijiahidi kunyamaza mpaka apewe. Ahadi za namna hiyo tunazijua.

Kazi yake ilikuwa kuangua vifaranga na kuwauza. Watu walimletea mayai, akayapanga kwenye trei katika chumba chake, na baada ya wiki tatu wakatoka vifaranga wa manjano wenye kelele kuliko kwaya. Chumba kilikuwa na balbu moja tu, tena ya kumulikia. Moto wenyewe ulikuwa ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo lilikaa tanuri la umeme la shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwokaji wa mikate ambaye watu walimwita Skonzi kwa sababu ya mashavu. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliwajengea wanawe wawili nyumba moja, akabana matofali kwa kuweka ukuta mmoja katikati. Tanuri likiwaka, ukuta ulipata joto la wastani, si kali wala si hafifu, kiasi kile kile ambacho kuku angetoa kama angejaliwa mgongo wa matofali. Mama Vifaranga aliegemeza trei zake hapo, akamshukuru marehemu kwa ubahili wake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mwezi mzima njiani. Tumwache huko huko barabarani, hatutamhitaji.

Mbele ya ukumbi alisimama Afisa wa Ruzuku, bwana mwembamba mwenye miwani na kipimajoto cha kisasa kinachoshikwa kama bastola. Alieleza kwa upole kwamba serikali imeona jinsi wafanyabiashara wa vijijini wanavyoumia, na sasa italipa nusu ya bili ya kila biashara inayotumia umeme mwingi. Kisha akasoma waliopita. Bekari ya Skonzi ilipita. Karakana ya mchomeleaji vyuma ilipita. Baa ya mjini kati, kama pale palikuwa na mjini, ilipita na kupigiwa makofi na mwenyewe.

Mama Vifaranga alisubiri. Afisa akakunja karatasi.

"Samahani, baba," alisema akisimama. "Mbona mimi simo?"

"Mama, wewe hutumii umeme wa kutosha kusaidiwa."

"Yaani nikipoteza ndiyo nasaidiwa?"

"Ukitumia, mama. Tunasema ukitumia."

"Baa inapigia muziki viti vitupu tangu asubuhi, hiyo ndiyo inayoumia? Mimi niliyezima kila kitu mpaka najigonga vidole gizani, mimi ni mzima?"

Watu wakacheka. Mwenye baa akapatwa na kikohozi cha ghafla. Afisa, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, aliinua mkono akasema malalamiko yanapokelewa, na mlalamikaji ana haki ya kueleza anavyobana matumizi. Kisha akauliza kwa nia njema kabisa, "Hivi balbu moja inaanguaje mayai mia tatu?"

Hapo mtu mwenye busara angejifanya amesikia mtoto analia nyumbani. Mama Vifaranga alivuta pumzi, akaeleza kila kitu. Alieleza ukuta na tanuri. Alieleza alivyopima tofali moja moja kwa shavu lake mpaka akajua lipi linafaa mayai ya bata na lipi ya kuku. Alimaliza kwa sauti ya mtu anayepokea kikombe cha ushindi: "Mimi joto la shemeji linanitosha! Sijawahi kuomba la serikali!"

Ukumbi ulipasuka. Mtu wa nyuma akauliza kama kaka mtu ana habari. Skonzi aliinamisha kichwa, mashavu yakawaka mpaka masikioni. Afisa peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na huu uliponza kichwa pamoja na trei zote za mayai.

Kesho yake afisa alifika bekari na bastola yake ya joto. Alipima mlango, akapima dari, halafu akazunguka akaingia kwa Mama Vifaranga, akaulenga ukuta. Chombo kikalia kama kimekanyagwa.

"Joto linavuja," alisema kwa huzuni. "Na kanuni iko wazi. Serikali hailipii joto linalopotea."

Akampa Skonzi mpaka mwisho wa juma auzibe ukuta ule. Asipouziba, anafutwa kwenye orodha.

Afisa alipotoka nje kujaza karatasi zake, mashemeji walibaki wakitazamana katikati ya chumba cha mayai.

"Shemeji," alisema Skonzi polepole, "yaani umekuwa unakula joto langu miaka yote hii?"

"Sikulifuata. Lilikuja lenyewe."

"Lilikuja lenyewe! Hata mwizi husema mlango ulikuwa wazi."

"Kwani ulikuwa unalihitaji? Lingekwenda wapi?"

"Sijui lingekwenda wapi, lakini lilikuwa langu! Angalau ungenisalimia kwa niaba yake!"

Tusimwonee Skonzi. Hakuwa mchoyo. Bili ya umeme ilikuwa imempanda mpaka mkate wake ulianza kupungua taratibu, na wateja walikuwa wanaugeuza geuza mkononi na kuuliza kama ulikuwa unaumwa. Ruzuku ile kwake ilikuwa kati ya kuoka na kufunga. Mama Vifaranga alilijua hilo, ndiyo maana hasira yake ilikosa pa kutua. Ilizunguka ikamrudia mwenyewe.

Na yeye je? Trei zilikuwa zimejaa, mayai yamebakiza siku chache tu yaanguliwe, na yai lililofika hapo likipoa ni maiti. Zaidi ya hayo, bila ukuta hana kazi. Alimfuata afisa mpaka kwenye pikipiki yake, akamuuliza kama akinunua mashine ya umeme ya kuangulia atapewa ruzuku.

"Utapewa, mama, tena bila tatizo. Ukishatumia umeme mwingi mwaka mzima."

"Na huo mwaka wenyewe nani ananilipia?"

"Huo unavumilia," alisema afisa, akapiga pikipiki teke.

Fundi aliyeitwa kuziba ukuta hakuwa na pamba maalumu ya kuzuia joto. Alikuwa na nyundo, misumari na wazo la magodoro. Akasema upande wa tanuri sponji itaungua, kwa hiyo magodoro yatapigiliwa upande wa Mama Vifaranga. Kwa hiyo siku hiyo mwanamke yule alisimama chumbani mwake mwenyewe, akiangalia shemeji yake akishikilia godoro na fundi akigongelea, ukuta wake wa riziki ukivishwa kama mgonjwa wa baridi. Katikati ya nyundo akaingia mama mkwe, aliyekaa chumba cha uani.

"Nani amechukua godoro langu?"

Skonzi akaacha kulishikilia. Godoro likamwangukia fundi.

"Mama, nitakununulia jipya ruzuku ikija."

"Na mpaka ije nilalie kanuni?" Bibi akatazama ukuta, akatazama mayai, akatazama mkwewe ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Akaelezwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu. "Kama joto haliwezi kuja kwa mayai, mayai yatakwenda kwa joto."

"Mama! Ile ni bekari!"

"Mayai ni wageni bekari tangu lini? Angalia tu usiyavunjie kwenye unga."

Basi trei zikahamia kwa Skonzi, zikapangwa kwenye rafu iliyo kando ya tanuri. Mama Vifaranga alimwachia masharti. Asifungue mlango ovyo, asiyaguse, asiyatingishe, na akijisikia chafya atoke nje. Skonzi aliitikia kila sharti kwa kuguna. Alikuwa na mikate ya kuoka, na hakuona kwa nini achunge chafya zake katika bekari yake mwenyewe.

Asubuhi mayai yalipoanguliwa, Mama Vifaranga alikuja mbio na maboksi yake. Alisikia kelele tangu mlangoni, moyo ukamjaa furaha. Walikuwa wametoka karibu wote, wazima, wamekauka manyoya. Lakini hawakuwa kwenye trei. Walikuwa sakafuni, wamejipanga msururu mrefu, wanazunguka meza ya unga. Mbele ya msururu alikuwa Skonzi, amevaa aproni nyeupe, amebeba trei ya mikate, anatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayevuka mto.

"Shemeji, waondoe," alisema bila kugeuka. "Nikisimama wanasimama. Nikienda wanakuja. Nimeshindwa hata kwenda chooni."

Mama Vifaranga alielewa mara moja, na angecheka kama asingechukia. Kifaranga akitoka kwenye yai humfuata yule wa kwanza anayemwona akitembea. Yeye siku zote ndiye aliyekuwa wa kwanza. Safari hii waliona aproni.

Alichuchumaa, akawaita kwa mwito wake, ule ambao haujawahi kushindwa. "Kuti kuti kuti!"

Vifaranga wakamtazama kama wanavyotazamwa watoza ushuru. Kisha wakakimbilia viatu vya Skonzi.

"Kuti kuti, watoto wangu, mimi ndiye mama!"

"Kulea mimba si kazi," alisema mama mkwe kutoka mlangoni, akitafuna skonzi, "kazi ni kulea mwana." Haikujulikana anamwambia nani.

Waliwakamata mmoja mmoja wakawajaza maboksini. Vifaranga walilia kilio ambacho kilisimamisha wateja barabarani. Skonzi aliingia ndani, akafunga mlango, akaziba masikio. Baada ya muda mfupi akatoka.

"Wanalia," alisema.

"Watanyamaza."

"Mmoja sauti imeanza kukauka. Yule mwenye doa."

"Umeshamjua mwenye doa?"

Skonzi alichungulia kwenye boksi, wote wakanyamaza. Mama Vifaranga aliona wivu, wivu hasa. Aliwahangaikia wale tangu wakiwa mayai, akawageuza kwa mkono mmoja mmoja, na sasa walimlilia mtu ambaye masharti yao aliyapokea kwa kuguna.

Wanunuzi walikuja siku hiyo na iliyofuata kuchukua vifaranga wao. Kila boksi lililoondoka liliondoka na kilio, na mnunuzi mmoja aliuliza kama mwokaji anauzwa pamoja nao. Walibaki wachache wasiokuwa na mwenyewe, ambao Skonzi alisema wakae bekari kwa muda, kwa sababu ya kelele tu, msimwelewe vibaya. Aliwakatia kona, akawawekea senyenge. Walikuwa wanapita chini yake.

Upande wa pili chumba kilikuwa kimya. Mama Vifaranga alifagia mara mbili kisicho na uchafu. Trei tupu alizisimamisha dhidi ya godoro, halafu akazilaza, halafu akazisimamisha tena. Rafu ya bekari ilikuwa ya kuazima mara moja tu, mikate iliidai. Aliogopa. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na aliona aibu kuogopa, kwa sababu aliyemfikisha hapo ni mdomo wake mwenyewe.

Siku ya ukaguzi wa mwisho afisa alirudi na muhuri. Alianzia kwenye godoro. Akalenga, akabonyeza, chombo hakikulia. Alifurahi kwa dhati, akampa Skonzi mkono.

"Kazi nzuri sana! Sasa tukamalize makaratasi kule mbele."

Wakaingia bekari wote wanne, mama mkwe akiwa nyuma kwa sababu alikuwa anadai godoro. Afisa alipofungua mkoba juu ya kaunta, aliona kitu cha manjano kinapita kati ya miguu yake, kikifuatwa na kingine, na kingine.

"Hawa ni nani?"

"Wateja," alisema Skonzi.

"Mbona wako foleni?"

"Wamelelewa vizuri."

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaamua hakuna kanuni aliyopewa kuhusu jambo hilo. Akachovya muhuri kwenye wino.

Hapo hapo mlangoni akasimama mama mmoja na kikapu cha mayai kichwani. Alikuwa ametembea kutoka mbali, vumbi limempanda mpaka magotini. "Hodi! Nimepita kule upande wa pili nimekuta kimya. Anayeangua yupo?"

"Ndiye mimi, dada yangu," alisema Mama Vifaranga. Alijaribu kulisema jepesi. "Lakini siku hizi siangui tena. Samahani kwa mguu wako. Nenda kawakaangie watoto."

Alisema hivyo akatazama sakafu. Yule mama hakuelewa, akabaki pale pale na kikapu chake. Skonzi alikuwa ameshika kalamu tayari kuweka sahihi. Mwenye doa alikuwa amepanda juu ya kiatu chake, amelala.

"Basi nathibitisha," alisema afisa, "kwamba hapa hakuna tena joto linalopotea."

"Halikupotea hata zamani," alisema Skonzi.

"Una maana gani?"

"Lilikwenda kwa shemeji. Lililofika kwa shemeji halijapotea. Andika hivyo."

Mama Vifaranga akashtuka. "Skonzi! Weka sahihi, baba, achana na maneno!" Hebu fikiria, yeye ndiye anayemwambia mtu aachane na maneno. "Mkate wako umebaki saizi ya sabuni. Chukua hicho wanachokupa. Mimi nitajua pa kwenda."

"Utakwenda wapi?"

Skonzi akamgeukia afisa. "Andika: joto la bekari linaoka mikate na kuangua mayai ya shemeji."

Afisa alipitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini, akarudia. Jasho lilimtoka. "Bwana, hapa kuna sehemu mbili tu. Kuna joto linalotumika kwenye biashara yako na kuna hasara. Sehemu ya shemeji haipo."

"Walioandika karatasi hii hawana ndugu?" aliuliza mama mkwe.

"Nikiandika unavyotaka, ruzuku huipati. Ninakuambia mapema, bwana, kwa uzuri tu."

"Na huyu?" Skonzi alimwonyesha Mama Vifaranga kwa kalamu.

"Huyu hakuwa anapata tangu mwanzo."

"Basi hapo mmetenda haki," alisema Skonzi. "Sote hatupati." Akalaza kalamu kaunta.

Vifaranga waliacha kuzunguka, labda kwa sababu mama yao mwenye aproni hakuwa anatembea. Afisa alishika muhuri hewani kwa muda, akausubiri ubadilishe mawazo ya mtu, haukubadilisha. Akaufuta wino polepole, akaurudisha kwenye mkoba. Aliomba skonzi mbili za njiani, akalipa bei kamili.

Mama Vifaranga alilia. Hakujificha, alilia pale pale mbele ya watu, akajipangusa kwa kanga. Alikuwa amedai haki ukumbini kwa sauti kubwa, na leo haki ilipokuja ilitoka mfukoni mwa mtu ambaye mkate wake ulikuwa unakonda.

"Nusu ya bili ni yangu," alisema alipopata sauti.

"Nusu nyingi, shemeji. Mayai hayali moto kama mkate."

"Nimesema nusu. Nimekula bure vya kutosha."

"Theluthi."

"Usinipunguzie deni langu mwenyewe! Nusu!"

"Haya, nusu. Lakini hawa," akaonyesha sakafuni, "nusu yao wangu."

"Mchukue mwenye doa, umalize maneno."

Yule mama mlangoni alikuwa bado amesimama. Shingo ilikuwa imeanza kumuuma, na katika yote yaliyosemwa alikuwa hajasikia linalomhusu. Akashusha kikapu mpaka kiunoni.

"Jamani, mnisaidie mimi," alisema. "Mayai niyaache au nirudi nayo?"

"Yaache," alisema Skonzi kabla shemeji yake hajafungua mdomo. "Tanuri linawaka."

Mama Vifaranga akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akaenda nacho upande wake, mama mkwe akimfuata kubandua godoro lake ukutani.